Kizibao Chekundu cha Sista Rudia

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imewadia, na wodi ya wanawake ilifurika watu kama vile kuna kitu kinagawiwa bure. Vikapu huku, chupa za chai kule, wajukuu chini ya vitanda, na mjomba mmoja aliyekuja kumjulia hali dada yake akaishia kukoroma kwenye kiti. Katikati ya vurugu hiyo akapita Sista Rudia, sare nyeupe iliyopigwa pasi hadi inakata, raba zisizotoa sauti, saa ndogo ikining'inia kifuani.

Rudia si jina alilopewa na wazazi wake. Wagonjwa ndio waliombandika. Muuguzi huyu hakumpa mtu hata kidonge kimoja bila kumtajisha jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa, kisha akalinganisha na utepe wa mkononi. Ukitaja kwa kunong'ona, atakwambia: "Rudia." Ukitaja kwa hasira, atakwambia vilevile: "Rudia." Walikuwapo wagonjwa waliopona haraka ili tu wasiulizwe tena.

Siku hiyo macho yake yalitua kwenye kitanda cha dirishani. Hapo alilazwa mama mmoja mwenye kidonda cha mguu, mneni, mcheshi, dripu ya dawa ikimwingia mkononi taratibu. Kando yake alisimama kijana mrefu, shati la bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye gurudumu dogo la mpira wa dripu, analizungusha kwa utulivu kama mtu anayefungulia bustani maji.

"Wewe! Toa mkono hapo!"

Wodi nzima ikageuka. Hata mjomba akaamka.

"Sista, inadondoka polepole mno," akasema kijana.

"Ndivyo inavyotakiwa. Nani kakutuma?"

"Mama. Anasema ikiisha mapema, ataruhusiwa mapema."

Mama akaangalia dari kana kwamba mtoto huyo si wake.

Sista Rudia akaminya gurudumu, akashika saa yake ya kifuani na kuhesabu matone midomo ikicheza, hadi aliporidhika. Akabonyeza taratibu pembeni ya sindano kuona kama mkono umevimba. Haukuvimba. Ndipo akamgeukia kijana.

"Hii inaingia kwenye mshipa, na kutoka hapo ni moyoni. Ukiimwaga yote kwa mpigo, moyo wa mama yako utazidiwa. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti."

"Lifti zipi?"

"Nyingi tu. Hata hii yenu."

"Hii inayonung'unika kila ikifika ghorofa ya pili?"

"Hiyohiyo."

"Basi kabla hujaja kutengeneza dripu yangu, katengeneze lifti yako!"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana alikuwa na mwanya. Sista Rudia aliondoka akisonya, lakini mwanya ule alikwenda nao.

Kesho yake simu ya wodi ikalia.

"Wodi ya wanawake."

"Samahani sista, mama yangu amekula?"

"Amekula. Umepiga sasa hivi tu nikakwambia amekula."

"Na wewe je, umekula?"

"Hii ni simu ya wodi, kaka."

"Basi nipe isiyo ya wodi."

Angeweza kukata. Badala yake akageuza uso ukutani, akataja namba yake upesi upesi huku akinuna, kisha akasema, "Rudia." Fundi akairudia yote bila kukosea. Lo! Wako wanawake wanaolainishwa kwa maua na manukato. Huyu alilainishwa kwa kurudiwa namba yake sawasawa.

Mapenzi yakaota. Akitoka zamu alimkuta fundi kwenye benchi la nje ya geti, kanawa mikono lakini kucha bado zina mafuta, kamnunulia karanga za moto. Walipiga soga hadi taa za barabarani ziwake. Fundi alimweleza jinsi anavyoingia kwenye shimo la lifti: kwanza anazima swichi kuu, anaipiga kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. "Hata bosi wangu hapewi," alijigamba. Sista Rudia akamwangalia kwa jicho la mahaba. Mwanaume mwenye utaratibu, adimu kama nini!

Kitanda cha dirishani nacho hakikubaki nyuma.

"Mama, taja jina lako kamili."

"Jamani! Mwanangu anakuita laazizi, mimi nakuita mkwe, na bado hunijui?"

"Nakujua, mama. Taja."

Mama akataja kwa kuvuta kila neno kama anayekokota gunia.

"Na mwaka?"

"Asubuhi si nimekwambia?"

"Rudia."

Sababu ilikuwapo. Kwenye kitanda cha mlangoni alilala mama mwingine mwenye jina lilelile, la kwake na la baba yake, kama mapacha wasiojuana. Yule wa dirishani alikuwa na kidonda tu. Huyu wa mlangoni alikuwa na sukari, kila siku anachomwa sindano ya kuishusha. Sindano hiyo ukimchoma asiye na sukari, unaweza kumzimisha kama mshumaa.

Na ndiyo sababu ya kile kizibao chekundu. Kila alipogawa dawa, Sista Rudia alikivaa juu ya sare. Mgongoni kiliandikwa kwa herufi kubwa: USIMSUMBUE, ANAGAWA DAWA. Akikivaa, hata daktari alikaa kimya akasubiri. Fundi alikuwa amekisoma mara nyingi, ila alidhani kinawahusu wengine. Mtu akishaitwa mpenzi hujiona ana kibali cha kila mlango.

Siku moja, saa ya dawa, fundi akaingia wodini anahema. Amevaa shati jeupe jipya, mkunjo wa dukani haujatoka. Kampuni ilitaka kumpeleka mji wa mbali kufunga lifti za jengo jipya, na jibu lilitakiwa mchana huohuo. Akamkuta Sista Rudia mbele ya kitoroli, kizibao mgongoni, trei mbili mbele yake, kila moja na sindano iliyobandikwa jina.

"Mpenzi, sina muda. Wanataka kunihamisha mbali. Nikubali au nikatae?"

Sista Rudia hakugeuka. Macho kwenye trei.

"Nakuuliza hivi: utakubali nikuoe? Ukisema ndiyo, nabaki."

Hapo akageuka. Nani asingegeuka? Ni kufumba na kufumbua tu. Kisha akarudisha uso kwenye kitoroli, moyo unadunda, akashika trei, akaenda dirishani.

"Mama, jina lako kamili?" Mama akataja. "Mwaka?" Mama akataja. Utepe wa mkononi ukakubali. Maandishi ya kwenye sindano yakakataa. Mwaka ulikuwa mwingine.

Sindano ya sukari. Ya mama wa mlangoni.

Jasho la baridi likamshuka. Akairudisha ile sindano kwenye trei.

"Kuna nini, mwanangu?" mama akanong'ona. Alikuwa ameiona sindano ikirudishwa.

"Nisubiri kidogo, mama."

Na nyuma yake sauti ileile, kama nzi asiyefukuzika: "Neno moja tu, laazizi. Ndiyo au hapana?"

"Toka."

"Yaani..."

"Toka nje! Sasa hivi!"

Wodi nzima ilisikia. Fundi akatoka na shati lake jipya. Sista Rudia akaanza upya: akalinganisha kila sindano na utepe wake, akawapa wote wawili dawa zilizo zao, akavua kizibao, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake na kumweleza alivyonusurika kukosea. Mkubwa hakumfokea. Alimwagiza trei mbili zisikae tena pamoja kwenye kitoroli, akampa maji ya kunywa.

Aliporudi alikuta ujumbe kwenye simu: "Nimekuelewa. Nimewakubalia kazini. Kila la heri."

"Umeelewa nini, mjinga wewe?" akaifokea simu. Lakini hakupiga. Kila alipotaka kupiga alimwona yule mama wa dirishani na ile sindano, hasira zikampanda upya, nyingine za fundi, nyingine za nafsi yake. Na fundi naye, mwanaume mzima, akanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Alikuja kumwona mama yake wakati Sista Rudia hayupo zamu, akatoka ananyata.

Mama alipopona na kuruhusiwa, alimwita Sista Rudia pembeni, mfuko wa dawa mkononi.

"Mwanangu sikumwambia kitu kuhusu ile sindano. Mambo yako utayasema kwa kinywa chako."

"Yeye ndiye aliyenisumbua, mama!"

"Najua. Na wewe ndiye uliyenyamaza. Nyie wawili mmenichosha kuliko kidonda. Anaondoka mwisho wa wiki hii, shauri yako." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Haya, leo huniulizi jina?"

Siku mbili baadaye lifti ikafa kabisa. Wagonjwa wakapandishwa ngazi kwa machela, wabebaji wakilaani ghorofa na aliyezibuni. Sista Rudia alipokwisha kugawa dawa za asubuhi, akatundika kizibao, akashuka chini kwa kishindo kutafuta mtu wa kumgombeza.

Chini alimkuta msimamizi wa jengo, mzee mfupi mwenye shada la funguo kiunoni na nyundo mkononi, kasimama mbele ya sanduku la swichi. Kufuli lilikuwa limening'inia hapo, pamoja na kibao: USIWASHE, MTU YUKO NDANI.

"Navunja kufuli," msimamizi akasema. "Nimechoka!"

"Kibao hujakisoma?"

"Nimekisoma. Nimemwita mara ngapi, hajibu! Atakuwa ameshatoka, amekwenda kunywa chai."

Sista Rudia akajipenyeza kati ya nyundo na sanduku, akapanua mikono.

"Hajibu kwa sababu anafanya kazi!"

"Sista, nipishe. Daktari wa upasuaji ananifokea kama mimi ndiye lifti."

"Atasubiri. Unataka huyu akujibu wewe, halafu akose pa kukanyaga? Mtu akishika roho za watu hasemeshwi. Hata ukiwa nani! Hata ukiwa umevaa shati jipya!"

Msimamizi akajitazama shati lake, ambalo halikuwa jipya hata kidogo.

Ndani ya shimo, milio ya spana ikasita. Kisha ikaendelea.

Akakaa pale anasubiri. Yeye, mwenye maneno ya wiki nzima yanamwasha kooni, alifumba mdomo na kulinda kufuli la watu. Hatimaye fundi akachomoza, ovaroli imelowa, uso mweusi kwa grisi. Akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli, akawasha. Lifti ikashuka kimya, bila kunung'unika. Msimamizi akaondoka akiisifu kana kwamba kaitengeneza yeye.

"Nimesikia," akasema fundi, macho chini. "Siku ile..."

"Siku ile nusura nimchome mama yako sindano ya sukari ya mgonjwa mwingine."

Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vifaa.

"Mama yangu?"

"Mama yako. Niligeuka kukusikiliza wewe, nikashika trei isiyo yake. Kumtajisha jina ndiko kulikomwokoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Na nilikuwa naona aibu."

Fundi akajifuta uso, akazidi kujipaka. "Nisamehe. Ningemkuta mtu anachezea kufuli langu, ningempiga. Kumbe lako nilikuwa nalichezea mimi."

"Nami nilipaswa kukupigia simu jioni ileile. Nisamehe na mimi."

"Kwa hiyo ile 'toka' haikuwa hapana?"

"Ile toka ilikuwa toka! Mungu wangu, mwanaume huyu!"

Mwanya ukaonekana katikati ya grisi. "Bado naweza kuwaambia kazini nimebadili nia. Lakini lazima nijue..." Akafungua mdomo kumalizia, na hapohapo sauti ikatoka juu ya ngazi: "Sista Rudia! Saa ya dawa za mchana!"

Wakatazamana. Fundi akafumba mdomo. Akabonyeza kitufe, mlango wa lifti ukafunguka, akamwashiria aingie.

"Nenda. Mimi niko hapa."

Hakuna shairi wala pete ambayo ingemgusa Sista Rudia kama hilo. Akapanda juu, akavaa kizibao, akagawa dawa kitanda hadi kitanda, majina yakitajwa na kurudiwa, bila kuharakisha hata tone moja. Alipomaliza akavua kizibao, akakitundika kwenye msumari, akanawa mikono, akashika simu.

"Halo?" Fundi alikuwa bado juu ya sanduku lake.

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Uliniuliza kitu. Sasa sina trei, sina sindano, kizibao kiko ukutani. Nakujibu: ndiyo."

Kikohozi kidogo. Halafu sauti ya fundi, nzito ya makusudi: "Taja jina lako kamili."

"Usinichokoze, nimechoka."

"Lazima nihakikishe ni mwenyewe, laazizi. Na mwaka."

Wauguzi wenzake walikuwa wametega masikio mlangoni. Akasonya. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akataja na mwaka, ambao kwa kawaida huwa hamwambii mtu. "Na jibu langu ni ndiyo."

"Rudia."

Akaliangalia dari, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyechoshwa na dunia nzima, akarudia.