Uzamili wa Shangazi

Walikutana kwenye foleni ya majoho, watu wamebanana, jasho na manukato vimechanganyika. Binti alikuwa akijaribu joho la dada yake, pindo likifagia sakafu.

"Dada, umelivaa au limekuvaa?" aliuliza fundi cherehani, pini zimemjaa mdomoni.

"Wewe shona. Maneno waachie wenye midomo mitupu."

Fundi akacheka, pini zikamwagika. Mapenzi yalianzia hapo, wote wawili wakiziokota sakafuni.

Mwaka uliofuata binti akahitimu mwenyewe: shahada ya kwanza ya uhasibu, tena kwa daraja la juu. Joho lake fundi alilipunguza kwa mkono wake. Jioni akaja ukumbini, shati jeupe limenyooka, viatu vinang'aa. Shangazi wa binti akamdaka mlangoni, akamvuta mbele ya wageni.

"Huyu ndiye mkwe wetu mtarajiwa! Ana shahada ya uzamili ya biashara, na sasa anasomea uzamivu!"

Makofi yakapigwa. Fundi hakuwa mtu wa kuazima hata koti, sembuse shahada. Akamtazama mpenzi wake. Binti kimya, macho yamemtoka. Fundi akageuka, akaondoka.

Simu ikamkuta barabarani.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Narudi kwenye cherehani yangu. Huyo mwenye uzamili mtafuteni."

"Sikumtuma shangazi!"

"Lakini ulinyamaza. Mimi siionei haya kazi yangu. Unaionea haya wewe?"

"Nilikuwa na keki mdomoni! Mama ndiyo kwanza kanilisha kipande kizima. Ulitaka niwatemee wageni?"

Fundi alitaka kununa zaidi, kicheko kikamponyoka.

"Umeshameza?"

"Nimemeza. Rudi usikie."

Aliporudi, alimkuta binti kasimama juu ya kiti na joho lake, maikrofoni mkononi.

"Wageni wetu, shahada iliyopo hapa ni yangu, nimeisotea. Mchumba wangu hana hata moja. Ni fundi cherehani, na ndiye ninayemtaka. Anayeona aibu, mlango uko wazi."

"Wewe mtoto!" shangazi alinong'ona. "Watu watasemaje?"

"Watasema joho limenikaa, shangazi."

Fundi akasogea hadi kwenye kiti.

"Umesema mchumba? Mbona sijakuposa?"

Binti akainama, akamwekea maikrofoni mdomoni.

"Basi nipose. Wote wanasikia."