Waya Aliouchomeka Chiriku

Asubuhi ya zamu yake ya usafi, Chiriku alifika shuleni umande ungali kwenye nyasi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata ufagio aliusemesha. Alifungua madirisha ya chumba cha kompyuta, akapangusa vioo, kisha akaanza kufagia kutoka kona ya nyuma. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, fundi cherehani asiyevumilia hata kipande cha uzi sakafuni.

Kompyuta za chumba hicho zilikuwa kuukuu. Ofisi moja ilizitupa, na mwalimu wa kompyuta akaziwahi kabla hazijaishia kwenye vyuma chakavu. Aling'oa diski zilizochakaa, akaziunganisha kompyuta zote kwa nyaya na moja yenye nguvu, inayotumia mfumo wa Linux. Hiyo wanafunzi waliiita Mama.

"Hizi nyingine ni macho na vidole tu," mwalimu aliwaambia. "Kufikiri ni kazi ya Mama."

Nyaya zote zilikutana kwenye kisanduku chenye matundu na vitaa, kilichokaa juu ya rafu. Ufagio wa Chiriku ukanasa waya mmoja. Ncha moja ilikuwa imechomekwa kwenye kisanduku, ncha ya pili imelala chini kama yatima.

"Na wewe umemtoroka nani?" Chiriku aliuuliza.

Aliona tundu tupu kwenye kisanduku hicho hicho. Akaichomeka ncha ya pili humo, kisha akaukunja waya vizuri na kuusukuma nyuma ya rafu pamoja na wenzake. Vitaa vikaanza kumetameta kwa fujo. Chiriku alidhani vimefurahi.

Wanafunzi walipoingia, hakuna kompyuta hata moja iliyofunguka. Mwalimu alimkagua Mama, akamkuta mzima. Alizima, akawasha, akabadilisha hiki na kile, wapi! Jasho lilimtoka.

"Jamani, kuna aliyegusa kitu humu?" aliuliza.

Moyo wa Chiriku ulilipuka paa! "Mimi nimefagia tu, mwalimu," alijibu.

Kufagia alikuwa amefagia kweli, lakini alijua kwamba ametoa nusu ya jibu. Nusu ya pili aliimeza.

Siku ya pili mambo yalikuwa yale yale. Mwalimu mkuu aliingia, akasimama katikati ya chumba mikono nyuma.

"Nilikwambia, mwalimu," alisema. "Umeshindana na uzee, na uzee haujawahi kushindwa. Kesho asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja. Humu tutaweka madawati mabovu."

Mwalimu wa kompyuta alikaa kwenye kiti, akaitazama kibodi iliyokuwa mbele yake. Chiriku alimwonea huruma, na akajionea huruma mwenyewe pia. Alikuwa ameanza kuandika kwa vidole vyote bila kutazama chini. Shule haikuwa na kompyuta nyingine, wala nyumbani kwao hawakuwa nayo.

Jioni hiyo alikaa karibu na cherehani ya mama yake bila kutoa neno. Mama alisimamisha mguu.

"Kimya kingi kina mshindo," alisema. "Leo vipi? Umemeza kufuli?"

"Mama, mteja akiirarua nguo, halafu asikwambie?"

"Ah! Huyo ndiye anayenitesa. Akinionyesha pale iliporaruka, ni kazi ya mara moja. Akinificha, naipekua nguo nzima na macho yananiuma." Mama alimtazama vizuri. "Kwani nguo ya nani imeraruka, mwanangu?"

"Ya mwalimu," alijibu Chiriku, akaanza kulia. Alimweleza mama yake yote. Mama hakumgombeza. Alimfuta machozi, akamwambia, "Kesho wahi."

Naye aliwahi, lakini mkokoteni wa mnunuzi ulikuwa umemtangulia. Kompyuta ya karibu na mlango ilishachomolewa, na mwalimu mkuu alikuwa akiwaelekeza wabebaji. Chiriku alitamani kugeuka arudi nyumbani. Badala yake akapita katikati yao.

"Shikamooni, walimu. Mimi sikufagia tu. Kuna waya niliuchomeka."

Alionyesha nyuma ya rafu. Mwalimu wa kompyuta aliufuata waya kwa kidole, kutoka tundu hili mpaka tundu lile. Akashika kichwa, akacheka kwa sauti.

"Kumbe! Umetoka kwenye kisanduku na kurudi kwenye kisanduku hicho hicho!" Akaichomoa ncha moja. "Hii ni kama umbeya wa mtaani. Neno linatoka hapa, linazunguka, linarudi, linatoka tena. Kelele zikawa nyingi mpaka Mama hasikii watoto wake wakimwita."

Aliwasha kompyuta iliyokuwa karibu. Kioo kilibaki cheusi kwa muda mfupi, kisha kikafunguka. Akawasha ya pili, nayo ikaitika.

Mwalimu mkuu aliwageukia wabebaji. "Rudisheni ile ya mlangoni mahali pake. Tumewasumbua, ndugu zangu."

Chiriku alisubiri adhabu, macho yakiwa chini.

"Nitazame," mwalimu wa kompyuta alimwambia. "Waya ule niliuacha ovyo mimi mwenyewe, na nia yako ilikuwa njema. Kukosea kwenye kazi hakuna aibu, hata mimi nakosea. Lakini nilipokuuliza, ulinipa nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo nimehangaika siku mbili. Waya wako ulizizima hizi kompyuta tu, mwanangu. Kimya chako ndicho kilichotaka kuzipakia kwenye mkokoteni."