Ishirini kwa Ishirini

Kila siku saa tisa na nusu, wakishamaliza kufagia madarasa, wanachama wa klabu ya sayansi ya Shule ya Msingi Majengo walikimbilia stoo ya shule. Humo, juu ya meza ndefu, kulikuwa na reli yao ya mfano yenye treni mbili za bati na njia moja tu. Treni moja ikiwa njiani, nyingine ilipaswa kusubiri. Lakini reli itajuaje kwamba njia ina treni?

Loveness wa darasa la saba alitengeneza jicho la mwanga, kifaa kinachotazama taa iliyo ng'ambo ya njia. Treni ikiukata mwanga wa taa ndogo, jicho huizuia ile nyingine. Rogath, mwanachama mwenzake, yeye alitaka swichi inayojifunga sumaku ya treni inapopita juu yake.

"Sumaku ni kazi," Loveness alimcheka. "Utaibandika kwenye kila behewa?"

"Nitaibandika," Rogath alijibu.

Mwalimu Wenseslaus akawakatiza. "Kila mmoja ajaribu mara ishirini, aandike alichokiona. Tutachagua kwa daftari, si kwa mdomo."

Ulikuwa mwezi wa Saba, mji wa Moshi umefunikwa na wingu zito la mlimani. Mara kumi na nane jicho la Loveness halikukosea. Kisha wingu likafunguka, jua likapenya dirishani, na jicho likashindwa mara mbili mfululizo. Lilipigwa na jua likadhani njia ni tupu. Loveness alitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akaandika: ishirini kwa ishirini. Sumaku ya Rogath ilikuwa imepata kumi na tisa, hivyo jicho la Loveness likachaguliwa.

Siku moja kabla ya maonyesho ya sayansi, jua liliwaka vilivyo. Treni ya kwanza ilikuwa katikati ya njia pale ya pili ilipong'oka kituoni. Zikagongana uso kwa uso. Treni ya mwenzao Calvin, aliyoiunda kwa wiki tatu, ikaruka na kupondeka sakafuni.

"Ni Rogath! Ana wivu huyu!" Calvin alifoka. Ngumi yake ilitua mdomoni mwa Rogath hata kabla hajamaliza kusema.

Wenzake Calvin wawili wakamvamia Rogath. Wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu.

"Sijagusa kitu!" Rogath alilia, damu ikimtoka. "Jamani, mtaniua!"

Loveness aliganda. Sema, alijihimiza, lakini aibu ilimzuia. Jino likadondoka sakafuni. Hapo Calvin akaokota kipande cha ubao na kukiinua juu. Loveness akajirusha katikati, na ubao ukampasua mkono.

"Muacheni! Ni mimi! Jicho linashindwa juani, nilijua, nikadanganya!"

Mwalimu Wenseslaus aliingia mbio, akamnyang'anya Calvin ubao. Aliwapeleka majeruhi zahanati, akawaita wazazi wa wote. Asubuhi ya maonyesho, Loveness, akiwa na bendeji mkononi, alimwomba Rogath radhi mbele ya klabu, kisha wakabandika sumaku pamoja, behewa kwa behewa. Calvin akainyoosha treni yake iliyopondeka, na treni mbili zikapokezana njia salama, jua likiwaka.

Lakini Mwalimu hakupiga makofi.

"Calvin, ulipiga kabla ya kuuliza. Nawe Loveness, ungeandika kumi na nane, tungepoteza nini? Tungechagua sumaku, basi. Uongo wako ulikuwa wa namba mbili tu. Reli tumeitengeneza kwa siku moja. Haya, jino la Rogath nani atalirudisha?"