Watu Saba Ukumbini

Kila alasiri baada ya masomo, Nihal alinunua maharage ya moto na mkate katika duka la kona, mtaa wa Shubra, kisha akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa babu yake. Mzee Wagih alikuwa amepofuka. Nihal alimpakulia, wakala, akamsomea gazeti.

Zamani mzee huyo aliongoza filamu kumi na moja za vichekesho. Kamera yake aliisimamisha mbali, haitikisiki, na mtu akaonekana mdogo kama sisimizi mbele ya ukuta mkubwa, akihangaika kimya kimya. Watu walicheka hadi machozi yakawatoka. Baadaye wakapenda vichekesho vya makelele, naye akaacha kuitwa kazini.

Ijumaa moja, klabu ya sinema ya mtaa wa pili ilionyesha filamu yake ya mwisho. Babu alikuwa na homa, akamtuma Nihal. Viti vilikuwa mia mbili, watu saba. Wawili walisinzia.

“Haya, nipe habari. Walijaa?” Babu aliuliza Nihal aliporudi.

Nihal alijibu haraka. “Pomoni, Babu! Wengine walisimama. Walicheka mpaka basi.”

Kesho yake alimkuta mzee amevaa suti, amenyoa ndevu.

“Dalali yuko njiani,” alisema Babu kwa furaha. “Naiuza nyumba hii, nitengeneze filamu nyingine. Kumbe watu bado wananitaka!”

Nihal alimshika mkono. “Babu, usiuze. Nilikudanganya. Walikuwa saba tu.”

Mzee alikaa kitandani taratibu.

“Nisamehe, Babu. Sikutaka uumie.”

“Nimeumia, tena mara mbili.” Sauti yake ilikwaruza. “Hakuna hata mmoja aliyecheka?”

“Mama mmoja, kiti cha nyuma. Yule bwana wa kwenye filamu alipobeba mlango mpaka juu, akakuta nyumba yenyewe haina ukuta. Mama huyo alicheka peke yake, halafu akajifuta macho.”

Babu alilegeza tai. “Watayarishaji waliniambia nisogeze kamera usoni, niweke na vicheko vya kurekodi. Nikakataa, na ndiyo sababu nikakosa kazi. Sikutaka kumdanganya mtazamaji. Basi na wewe usinidanganye, binti yangu, hata kwa kunihurumia. Huyo mama mmoja ni wangu kweli. Ule umati wako wa uongo ungenitoa nyumbani kwangu. Sasa shuka, kamwambie dalali arudi zake.”