Injini Ndani ya Pipa

Injini ilikuwa imezimwa, lakini maji ya pipa alimoijaribia yaliendelea kuzunguka. Yahaya, fundi wa injini za boti pale mtaa wa Bwiza, aliyatazama, akautazama waya wa plagi aliouchomoa mwenyewe, akajiambia ni macho tu, jua la saa saba. Fundi akianza kuogopa maji, atakula nini?

Injini hiyo ililetwa na ajida Télesphore, askari mkuu wa boti ndogo ya doria ziwani, mwaka ule wa tisini na saba, watu walipokuwa wakivuka kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, kukimbia vita. Alisema wameikamata kwenye mtumbwi wa magendo. Wenye mtumbwi wako wapi, Yahaya hakuuliza, na wewe usingeuliza. Ajida aliitaka Ijumaa.

Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu wiki nzima, kwa hiyo jioni Fatouma, mke wa Yahaya, aliengua mafuta juu ya pipa lile la injini, akachota maji na kumwogesha binti yao Houda, wa miaka mitano. Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani.

Asubuhi yake mtoto aliamka mikono juu, na hakuishusha. Alilala ameinyoosha juu, viganja wazi, migumu, ya baridi, ikinuka petroli na samaki. Siku ya pili hakula. Alhamisi alianza kunguruma kooni, mngurumo wa injini iliyo mbali majini, nao ukawa unakaribia, ukajaza chumba, vikombe vikatetemeka mezani, Fatouma akamkumbatia huku akisoma kila aya aliyoikumbuka na kuzichanganya zote, hadi ukakatika ghafla na kinywa cha Houda kikasema kwa sauti ya mwanamume mzima:

“Tulinyanyua mikono. Sasa juu ya nini mulitupiga risasi?”

Yahaya alimkimbilia Shehe Anouar, anayesomea watu waliopandwa na majini. Shehe alisoma mpaka jasho likamtoka, kisha akamvuta fundi pembeni. Waliomo ni wengi, alisema, na wanataka kumaliza safari yao. Injini ikirudi ziwani watamwachia mtoto. Akashusha sauti.

“Lakini ule ajida umuambie kweli. Ukimuficha, ni we umebatuma kwake. Batarudi kwako.”

Ijumaa ajida alikuja na askari wanne, akauliza kama injini ni nzima. Alikuwa anatabasamu, mtu mwenye watoto wake huko mtaa wa Mutanga Sud. Yahaya alijua kwamba akisema ukweli injini itabaki uani, na Houda atabaki ndani, mikono juu.

“Iko muzima, chef,” alimjibu mkubwa huyo.

Saa kumi Yahaya alisimama ufukweni. Boti ya doria, sasa ikiwa na injini ile, ilitoka vizuri, lakini ilipofika mahali doria hupinda haikupinda, ikashika njia ya Uvira moja kwa moja, na ajida na askari wake wakasimama mmoja mmoja, wote watano, wakanyanyua mikono, hakuna aliyeshika usukani, na injini ikazidi kunguruma mpaka boti ikawa nukta, mpaka nukta nayo haikuonekana.

Yahaya alirudi nyumbani mbio, analia. Houda alikuwa ameketi mkekani, mikono imeshuka, anakula wali, na Fatouma anamshukuru Mungu. Yahaya alimbeba, akamnusa nywele, akaona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo.

“Papa,” mtoto alinong'ona, “chef anakuita. Yeye iko mu pipa.”

Uani, ndani ya pipa lisilo na injini, maji yalikuwa yanazunguka. Yahaya alitaka kumkumbatia mwanawe zaidi, lakini mikono yake ilimwachia, ikaanza kupanda.