Namba Iliyokuwa Bado Inapanda

Shuleni walimwita Cherehani, kwa sababu miguu yake haikutulia hata akiwa ameketi. Kila siku masomo yalipokwisha alikwenda maabarani kumngoja shangazi yake, ili warudi nyumbani pamoja.

Shangazi alikuwa mtafiti. Yeye na wenzake walitafuta njia ya kugeuza hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua na inayojaa kwenye moshi wa magari, iwe gesi ya kupikia. Waliichanganya na haidrojeni, wakaipitisha kwenye bomba la moto juu ya unga mweusi uitwao kichocheo, unaoharakisha mabadiliko hayo. Kisha mashine ilipima gesi iliyopatikana.

Siku hiyo msaidizi wake alikuwa mgonjwa.

"Leo wewe ndiye macho yangu," shangazi alimwambia, akimvalisha miwani ya kazi iliyompwaya. "Kabla ya kupima tusichokijua, tunaionjesha mashine gesi tunayoijua, kutoka mtungi huu. Namba itapanda. Ikisimama kabisa, niite, nami nitaiambia mashine kwamba hicho ndicho kiasi kilichoandikwa kwenye mtungi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Shangazi akafungua mtungi, akaenda meza ya pili kuandaa unga mpya wa kupimwa. Namba ilipanda mbio, kisha ikaanza kujikongoja. Ilikwama, ikasogea, ikakwama tena. Nje watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba, wakihesabu kwa sauti. Goti la Cherehani likaanza kucheza. Akatazama dirisha, akatazama namba, akatazama dirisha.

"Imesimama!" akaita.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa! Naweza kwenda kucheza sasa?"

Namba ilikuwa bado inapanda.

Alicheza, lakini mchezo haukunoga. Kamba ilimnasa kila mara, wenzake wakamcheka. Alipochoka akarudi ndani kunywa maji, akakuta maabara imechangamka kama harusini. Mkuu wa maabara, mzee asiyecheka ovyo, alikuwa akipiga makofi.

"Unga huu mpya umevipita vichocheo vyote tulivyowahi kupima!" alisema. "Ule wa zamani utupeni, tupate nafasi kabatini. Mimi nakwenda kuwapigia simu wafadhili."

Shangazi alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo Cherehani hakuwa ameiona siku nyingi. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Labda namba ilikuwa imekaribia kusimama, alijiambia. Labda haina neno.

Shangazi akafungua kabati, akatoa chupa ya unga wa zamani alioutengeneza kwa miezi mingi. Akaifungua juu ya ndoo ya taka.

"Shangazi, usimwage!"

"Kuna nini?"

"Ile namba…" Akaonyesha mashine kwa kidole. "Haikuwa imesimama. Nilitaka kwenda kucheza."

Mkuu wa maabara, simu sikioni, aliduwaa mlangoni. "Samahani, nitakupigia baadaye," akasema polepole, akakata simu.

Shangazi hakufoka. Alifunga chupa, akavuta kiti kingine mbele ya mashine. "Keti. Mashine iliambiwa namba ndogo ndiyo kiasi kamili, ndiyo maana imezidisha kila ilichopima. Tunaanza upya."

Mara hii walitazama pamoja. Namba ilijikongoja mpaka Cherehani akadhani atapasuka, lakini aliuma midomo, akanyamaza. Hatimaye ikasimama, nayo ikabaki palepale. Walipoupima tena, unga mpya ulikuwa hafifu kuliko ule uliokuwa karibu kumwagwa.

Mkuu wa maabara alishusha pumzi ndefu. "Afadhali tumejua leo," akasema. "Ningewaambia nini watu wale?" Akairudisha chupa kabatini kwa mkono wake mwenyewe.

Cherehani alilia. "Nimekuharibia furaha yako."

"Furaha ile haikuwa yangu, ilikuwa ya kosa," shangazi akamjibu, akimfuta machozi. "Nami nina langu: nilipaswa kuja kuitazama namba mwenyewe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mashine haijui uongo. Ukiipa kipimo kibovu mwanzoni, itakupotosha kwa moyo mweupe mpaka mwisho, na kila jibu litaonekana zuri. Mtu mwenye haraka anaweza kukosea, hilo linarekebishika. Lisilorekebishika ni kosa ambalo mwenye kulijua amelinyamazia. Leo umelisema kabla chupa haijamwagika, na ndiyo maana kesho tuna kazi ya kuendelea nayo."