Okidi Iliyosema Shikamoo

Harufu ilianza kabla ua halijachanua.

Editha aliisikia aliporudi kutoka kufua mashuka ya nyumba ya wageni pale Mikumi, mikono imevimba kwa sabuni. Ilikuwa tamu kama asumini. Aliitazama okidi yake, mmea wa porini uotao juu ya miti, pale ukutani. Haikuwa na ua hata moja. Alikuwa ameiokota katika msitu wa Zombo, kwenye tawi lililoanguka, akaifunga kwa uzi juu ya kipande cha gome na kuitundika sebuleni. Kila jioni aliinyunyizia maji, na mizizi yake myeupe ikageuka kijani.

"Mmea gani huu hautaki udongo?" Rebeka, jirani yake, alimtania. "Shoga, siku moja utakuomba ugali."

"Ukiomba, utaupikia wewe. Mimi nimechoka."

Rebeka alipoondoka, Editha akajilaza kwenye kochi na kufumba macho.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu," akaitikia, akidhani ni Aneth, binti yake wa darasa la pili.

Alipofumbua macho hakukuwa na mtu. Aneth alikuwa bado shuleni.

Tangu hapo sauti ilirudi kila alipopitiwa na usingizi, na mdomo wake uliitikia kabla akili haijaamka. Na Aneth akaanza kusahau. Kwanza alisahau kikombe chake ni kipi, kisha chumba anacholala. Asubuhi moja akamwita mama yake "Mama Aneth", kama majirani wanavyomwita.

Siku hiyo Editha hakwenda kufua. Alimwita Bi Yusrah, mganga kutoka Tindiga. Bibi alinusa mara moja tu, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Umemwitikia jini," alinong'ona. "Amekuja kutafuta mama. Anayeitikiwa marahaba humu ndani ndiye mtoto wako. Usiitikie tena, hata kwa Aneth mwenyewe."

"Tuutupe basi huo mmea, bibi."

"Hebu tazama."

Mizizi ilikuwa imelivuka gome na kuushika ukuta.

"Ukiivuta ikakatika, atabaki. Iloweshe taratibu mpaka iachie yenyewe. Ikiachia kabla hujamwitikia tena, ataondoka nayo. Mimi nitakuwa kwa Rebeka, nikisoma dua."

Editha akakaa na kitambaa na bakuli la maji. Alilowesha, akasubiri, akalowesha tena. Mzizi mmoja ukaachia, halafu wa pili. Jua lilikuwa linashuka, harufu ikazidi kuwa nzito, ikamwingia puani na kichwani kama blanketi lenye joto, na mgongo uliokuwa umeinama juu ya mabeseni ya watu miaka yote hiyo ukaegemea ukuta, kidogo tu, apumzike kidogo tu, macho yakajifunga, na hapo, karibu kabisa na sikio lake, akasikia salamu aliyoizoea, na mdomo wake uliochoka ukafanya ulichozoea.

"Marahaba mwanangu."

Mizizi yote ikaachia ukuta kwa pamoja.

Editha akashtuka. Aneth alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule, akiitazama sebule kama mtu aliyepotea njia.

"Samahani mama," alisema kwa adabu. "Hapa ni kwa nani?"

Kabla Editha hajainuka, mkono mdogo, wa baridi, ukamshika bega kutoka nyuma.

"Mama," iliuliza sauti ya Aneth, "nani huyo mlangoni?"